Unga wa Dawa Shambani kwa Jebet

Jebet tumemzika Jumamosi iliyopita huko Kaptagat, mvua ikinyesha, na mimi nimekalishwa kiti cha mbele pamoja na jamaa, mahali ambapo sikustahili kukaa. Binti yake Jerono ndiye aliyenishika mkono akanipeleka hapo. Watu waliposema mema yao, na yalikuwa mengi na ya kweli, mchungaji akauliza kama kuna rafiki wa zamani anayetaka kuongea. Macho yakanigeukia. Nikatikisa kichwa. Baadaye tulipokuwa tunanawa tule, Jerono akinimiminia maji, aliinama akasema polepole, "Mama Rasoa, Mama aliacha neno lako. Alisema ni wewe pekee umebaki anayejua pale alipolala Kipchumba. Alisema utatuonyesha." Nikamwambia nitawaonyesha. Nyama ilikuwa laini, hata kwa meno yangu haya machache. Lakini niliinusa mikono yangu kwanza, kama ninavyofanya tangu mwaka ule, nikaisukuma sahani kando.

Mwaka ninaousema ni wa wakati wa mzungu. Mashamba yote ya kuzunguka Eldoret yalikuwa ya wazungu, na sisi vibarua wao tulikaa kambini. Nilikuwa mke mgeni, nimeletwa kutoka upande wa Kimilili na mume wangu Yohana, dereva wa trekta, na mtoto wangu Rasoa alikuwa bado ananyonya. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na mlango wake uliangalia ghala. Kwa hiyo kila kitu kilichosemwa ghalani nilikisikia nikipika. Mwenye shamba tulimwita Bwana Kofia, maana hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Jebet hakukaa kambini. Yeye na mume wake, Arap Koros aliyechunga ng'ombe wa maziwa, walikaa ng'ambo ya mfereji karibu na josho la ng'ombe, kwenye kipande cha ardhi walichoachiwa walime ili wamfanyie mzungu kazi. Walikuwa hapo kabla yangu, na Arap Koros alisema baba yake alikuwa hapo kabla ya huyo mwenye kofia.

Urafiki wetu ulianzia kwenye kaburi. Nilikuwa nimekaa kambini miezi miwili nilipotumwa kuchota maji mferejini nikasikia mwanamke analia bila sauti, ile ya kupumua tu. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, Kipchumba, alikuwa amekufa asubuhi hiyo kwa homa. Arap Koros alikuwa na jembe lakini alikuwa ameliegemea tu, hachimbi. Nikaweka debe chini, nikalichukua jembe. Nilichimba mimi. Kutoka kona ya josho ni hatua thelathini na mbili zangu kuelekea mferejini, halafu tano kwa mkono wa kushoto. Hakuna jiwe lililowekwa. Jebet alisema jiwe litamfanya kila mpita njia aulize, na yeye hataki kuulizwa. Akapanda mahindi mpaka ukingoni, akaacha pale penyewe pakiota nyasi, na mtu akimwuliza mbona umeacha nafasi, alijibu, "Ni pa kupumzikia jembe."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikienda jikoni kwake karibu kila jioni. Ilikuwa jiko la moshi, giza, na vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa kwa majivu, vimeegemea ukuta kama watu waliopanga foleni. Alinimiminia, na mimi nilimletea kunde au mrenda niliopika kwetu. Alikuwa anautazama ule mrenda ukivutika kutoka kwenye kijiko. "Hii mnakula au mnajigandisha nayo?" alinitania. "Na nyinyi mnaokunywa maziwa ya majivu?" nikamjibu. "Ndiyo maana mifupa yetu haivunjiki." "Na ndiyo maana meno yenu meusi." Tulicheka hivyo, Rasoa akilala kwenye ngozi karibu na moto, na Jerono, aliyekuwa tumboni bado, akipiga mateke nikiweka mkono. Huyu Jerono aliyeninawisha mikono Jumamosi.

Mvua za mwanzo zikaja, mahindi yakafika magotini, na viwavi wakaingia. Kila mkulima wa huku anamjua kiwavi wa mahindi. Anaanza kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapojikunja. Jani likifunguka unaona matundu yamepangana kwa mstari kama yametobolewa na sindano. Ukimwacha anashuka ndani ya shina, na akishaingia shinani umeshindwa, mmea unaanguka kwa upepo. Mwaka huo Bwana Kofia alileta dawa mpya, unga mweupe kwenye magunia, wenye harufu ya nguo iliyooza kwenye sanduku. Wanawake tukapangwa mistari, kila mmoja na mkebe wake. Nyapara wetu Zakaria alitufundisha akiwa amesimama juu ya gunia. "Kidole gumba na hiki cha pili. Chukua kama chumvi ya mboga, tia moyoni mwa mhindi. Ukizidisha, umeiba. Ukipunguza, umeiba." Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nashika maneno. Mikono yangu ilikuwa mizuri kwa kazi hiyo na kufikia wiki ya pili nilikuwa nimewekwa kiongozi wa mstari. Nilijiona mtu.

Sasa hapa lazima niseme Jebet alivyofanya kwake, kwa sababu yote yanatoka hapo. Wenye vipande vya ardhi hawakupewa dawa. Jebet alipita mhindi kwa mhindi kila alfajiri, umande ukimlowesha mpaka kiunoni, anafungua moyo kwa vidole viwili, anamtoa kiwavi, anamponda. Lakini si wote. Siku moja nilimkuta ameshika jani lenye kiwavi mnene aliyebandikwa punje nyeupe mgongoni na ubavuni, ndogo kuliko mchele. Nikanyoosha mkono niziponde. Alinipiga kofi mkononi.

"Ai! Unaponda nini?"

"Mayai yake. Si unaona anazaa?"

"Kiwavi hazai. Umewahi kuona kiwavi na mimba?" Akamrudisha kwenye jani taratibu, kama mtu anarudisha yai kwenye kiota. "Huyu ameshakufa ila hajui. Kuna kadudu keusi, kama sisimizi mwenye mabawa. Kanamchoma, kanaweka watoto wake ndani. Watoto wakitoka wanajifunga hizi nyeupe. Ukiziponda umeua askari wako. Wakitoka humo wanaenda kutafuta wengine."

"Nani alikwambia hayo?"

"Nimekaa nikaangalia. Wewe una haraka."

Sikuamini. Niseme ukweli, nilimwona ni mtu wa nyuma. Mimi nilikuwa na mkebe, yeye alikuwa na vidole. Kambini wote tulijua zile nyeupe ni mayai, na tulikuwa tunazikanyaga tukizipata, tena kwa furaha.

Halafu jioni moja nikikaanga kunde nilimsikia Bwana Kofia ghalani akimfokea Zakaria kwa kile Kiswahili chake. "Dawa nakwisha, dudu hapana kwisha! Hii dudu natoka wapi? Natoka kwa shamba ya watu! Jumatatu mimi naangalia yote. Kama iko dudu, ng'oa. Choma nyumba. Yeye kwenda reserve. Hapana taka shauri." Zakaria akasema, "Ndiyo, Bwana," mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kunde zikaungua. Nilimwaza Jebet na ile nafasi yake ya nyasi. Mtu anayehamishiwa reserve, ile ardhi waliyotengewa watu weusi, anabeba vibuyu, anabeba ngozi, anaswaga ng'ombe. Kile kingine hakibebeki.

Lakini kwa nini dawa ilikuwa inakwisha na wadudu hawaishi? Hilo nilikuwa nalijua mimi kuliko nyapara. Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeanza kupunguza. Nilichukua nusu ya ile chumvi ya mboga, na nusu nyingine ikabaki kwenye mkebe mdogo wa kakao niliouficha chini ya kanga ya kubebea mtoto. Niliiweka kwa ajili ya Jebet. Nilitaka siku moja nimpe nimwambie, haya, pumzika kuamka alfajiri na hilo tumbo. Ndivyo nilivyojiambia, na ilikuwa kweli. Pia ni kweli kwamba nilitaka aone dawa yangu inavyoshinda vidole vyake.

Jumatano akaja mtu kumwambia Jebet mama yake ni mgonjwa Kaptagat. Akaondoka kwa miguu, tumbo mbele. Aliniomba, "Nipitie pale asubuhi. Toa wale unaoweza. Zile nyeupe uniachie." Nikasema sawa. Alhamisi niliingia shambani kwake na mkebe wa kakao. Unga haukutosha, kwa hiyo nikauchanganya na majivu ya jikoni mwake mwenyewe. Nikatia kila moyo wa mhindi kidogo. Na nilipokutana na kiwavi mwenye punje nyeupe, nikaziponda. Sikusahau maneno yake. Niliziponda nikiyakumbuka.

Kabla ya saa sita viwavi walianza kutoka. Walijinyonga, wakatapika maji ya kijani, wakaanguka chini wamejikunja. Nilisimama katikati ya shamba nikawaona wamejaa udongoni nikasema, Jumatatu na ije. Nikaona pia vile vidudu vyeusi vyenye mabawa. Sikuwa nimewahi kuviangalia. Vilikuwa juu ya majani vikizunguka pale pale, vinajipangusa vichwa kwa miguu, vinazunguka tena. Kiwavi aliye hai alipita karibu na kimoja na hakikumgusa. Kilikuwa hai, mabawa yapo, miguu ipo, ila kimesahau kilikuja kufanya nini. Sikujua kwamba nilipaswa kuogopa hapo.

Ijumaa niliamka nikakuta wale walioanguka si wengi kama jana. Nikadhani ndege wamekula. Jumamosi nikafungua shina moja lenye tundu bichi na unga kama wa mbao mlangoni. Kiwavi alikuwa ndani, mzima, anakula. Nikafungua lingine. Dawa kidogo ile haikuwaua, iliwalewesha tu. Walipozinduka hawakurudi kwenye moyo wenye unga, walipanda mahali pengine wakatoboa shina moja kwa moja, mahali ambapo vidole vya Jebet visingewafikia. Na wale weusi wa kuwafuata hawakuwepo tena. Siku hizi mjukuu wangu Wafula, aliyesomea kilimo, ananiambia wadudu wengine dawa haiwaui ila inawaharibu akili, na wengine inawafundisha. Ananieleza mimi hayo kama mtu ambaye hajui.

Jebet alirudi Jumapili jioni. Mama yake alikuwa amepona. Alipita shambani kabla hajaingia nyumbani, nami nikamwona kutoka mlangoni kwake, nimewasha moto tayari nimsubiri. Alifungua moyo wa mhindi. Akafungua mwingine. Akachuma jani akaliangalia upande wa chini, akalinusa. Kisha akaja.

"Nani ameingia shamba langu?"

"Sijui," nikasema. "Labda watoto."

Akachukua kibuyu, akanimiminia mursik, akanipa kikombe. Vidole vyetu vilikutana pale kwenye kikombe na hakuvitoa haraka. Nikanywa. Alikaa chini, miguu imevimba, akaangalia moto mpaka Rasoa akalia nikapata sababu ya kwenda.

Jumatatu Bwana Kofia alikuja na Zakaria na panga. Alipasua mashina kumi hivi, kila shina lilikuwa na kiwavi ndani. Arap Koros alivua kofia yake, akasema kwa heshima kwamba shamba hili halijawahi kuwa hivi, aulizwe yeyote. Mzungu akaonyesha mahindi yake mwenyewe ng'ambo ya mfereji, yale ya mistari yangu, nayo yanaanguka. "Hii dudu yako nakula mahindi yangu!" Mistari ile ilianguka kwa sababu ya mkono wangu. Nilikuwa nimesimama pale na mkebe wa kazi kiunoni. Nilifungua mdomo. Namkumbuka Jebet alivyonigeukia akanitazama, jicho kavu kabisa, akatikisa kichwa kidogo. Nikadhani ananihurumia nisimtetee bure. Nikafunga mdomo.

Walipewa mpaka keshokutwa. Nyumba ikachomwa, moshi ukiwa mweupe kwa sababu nyasi za paa zilikuwa zimelowa mvua. Lori likabeba vibuyu na ngozi, Arap Koros akaenda kwa miguu na ng'ombe. Jebet hakuenda kwenye ile nafasi ya nyasi kuaga. Alipita kando yake amebeba chungu, kama panapopitwa tu. Siku iliyofuata Yohana akatumwa na trekta alime kipande chote kiungane na shamba kubwa. Asubuhi nilimwambia, "Pale karibu na mfereji, inua jembe kidogo." Akaniuliza kwa nini, nikamwambia. Jioni alirudi akakaa kitandani na viatu. "Kofia alikuwa amesimama hapo hapo," akasema. "Kwenye mfereji. Ameniangalia mstari kwa mstari." Ugali ukapoa mbele yake. Yohana amekufa bila kujua viwavi wale walitoka wapi.

Sikumwona Jebet kwa miaka mingi sana. Uhuru ukaja, watu wakanunua ardhi, watu wakahama, nikasikia yuko kwao Kaptagat. Wafula alinipeleka mwaka jana, niliposikia anaumwa. Alikuwa amelala karibu na dirisha, mdogo kama mtoto, lakini ulimi wake ulikuwa mzima. "Umeleta ule mrenda wa kugandisha?" akaniuliza. Nilikuwa nimeuleta. Akaonja kijiko kimoja, akakunja uso, akaonja cha pili. Nilipomtuma Jerono chai, nikasema. Sikuzunguka. Nikamwambia ni mimi.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ya kikombe. Mkono wako ulinukia."

Nje kuku walikuwa wanagombana. Nikamwuliza kwa nini hakusema mbele ya mzungu, na alikuwa na haki yote.

"Ningesema, lori lingebeba nyumba mbili badala ya moja. Wewe ulikuwa na mtoto wa ziwa. Kwani angenirudisha mimi? Huyo?" Akavuta blanketi. "Tena mmoja wetu alitakiwa abaki pale. Anayejua." Akafumba macho nikafikiri amelala. Kisha akauliza, "Zile nyeupe. Uliziponda?"

Ningeweza kusema hapana. Ni nani angejua? Nikasema, "Niliziponda. Zote nilizoziona."

Akageuza uso ukutani. "Hizo ungeniachia," akasema. Hakuniambia neno lingine siku hiyo mpaka nilipoaga, akanipa mkono bila kugeuka. Huo ndio mkono wake wa mwisho niliouona. Watu wazima hawasamehewi kama watoto, kwa kubembelezwa. Aliyaweka mawili hayo mbali mbali, kuninyamazia na kunisamehe, na sikumwomba ayaunganishe.

Jana Jerono na wadogo zake wa kiume walinichukua tukaenda. Ardhi sasa ni ya mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole, alituruhusu tuingie na viatu vya matope. Mfereji umekauka. Josho limebaki kona moja ya saruji, mbuzi amefungwa hapo. Nilisimama kwenye ile kona. Jerono akataka kunishika mkono nikakataa, kwa sababu hatua za kushikiliwa si hatua zangu. Za sasa ni fupi, kwa hiyo nilienda kwa kuhesabu na kuongeza, nikasimama, nikarudi kidogo, nikaangalia mti wa ng'ambo ulipokuwa, nikaongeza mbili. Halafu kushoto. Palikuwa na mahindi ya magotini, kijani kizuri, matundu yamepangana kwenye majani.

"Hapa," nikawaambia.

Wakavua kofia. Jerono akapiga magoti kwenye udongo akaanza kuomba kwa lugha yao. Mimi sikuomba. Niliinama polepole, mgongo ukilia, nikafungua kwa vidole viwili moyo wa mhindi uliokuwa umesimama juu ya Kipchumba. Kulikuwa na kiwavi mmoja, mnene. Nilimgeuza kila upande kwenye mwanga. Mgongo mtupu. Nikamponda, nikasogea kwa mhindi uliofuata.